Bastola kiunoni, watoto mkononi

SWALI: Shikamoo Bi Mhariri. Mimi mfanyibiashara Malindi, bastola nnayo na laiseni halali. Idi hii twaenda magofu ya Gede na marine park, ile hifadhi ya bahari hapa Malindi, na watoto, naruhusiwa kuivaa ndani ya shati?
— Baba Watoto

JIBU: Marahaba mwanangu. Laiseni ile ya Firearms Licensing Board, yaani bodi ya kutoa laiseni za silaha, kwa Sheria ya Silaha Sura ya 114, yakuruhusu kuwa nayo lakini haikufungulii kila geti. Marine park, tangu 1968 ni hifadhi ya taifa, iko chini ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, na huko silaha haiingii bila ruhusa yao. Gede ni ya Makumbusho ya Taifa, waulize getini mapema kabla hujakata tiketi.

Na hebu fikiria, uko kwenye boti ya kioo watu wamebanana wote wameinama kutazama samaki, mtoto anakurukia kiunoni mkono wake ushafika kwenye kava, hapo utafanya nini? Mi nakuomba iache nyumbani ndani ya sefu imefungwa, sheria yenyewe yakutaka uihifadhi salama, wala usiiache garini chini ya kiti wala kumpa dereva wa tuktuk akushikie. Cheti cha laiseni pia kagua tarehe, kila mwaka kinafanywa upya.