Anko, bahari ilitukimbia

SWALI: Shikamoo anko. Sisi ni washkaji watano wa Tabata na Segerea, hakuna mvuvi hata mmoja, wanne tuko maofisini na mmoja ana bodaboda. Jumamosi moja tukasema leo tuachane na baa tukavue. Tukachanga, tukanunua fimbo mbili zenye rili bei imechangamka kweli, tukavuka na pantoni, tukapanda bajaji mpaka huko Kigamboni upande unaotazama bahari kubwa. Tumefika saa nne asubuhi, bahari haipo. Yaani haipo anko! Mwamba mtupu, mwani, kina mama wanapekua pekua kwenye vidimbwi, maji yako kule mbali. Tukaufuata mwamba, mmoja akachanwa mguu na chaza, tukarusha wee, ndoano zinanasa kwenye mawe tu, tumekata mishipi kama mara tisa, na samaki aliyepatikana ni mmoja, kavimba tumbo kama mpira. Saa nane jua limetubabua tukaondoka na lawama zote juu yangu maana wazo lilikuwa langu. Wanasema bahari ya Dar samaki wameisha. Nimewabembeleza turudie mwezi ujao, nikikosea tena sina marafiki. Tufanyeje?
Mwenye Wazo, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka mpaka mama watoto akaja kuchungulia kuna nini. Hebu kumbuka, usiku wa Ijumaa ile mwezi ulikuwaje? Mi sikuwepo ila nakwambia, ama ulikuwa mpevu unawaka kama taa ya uwanjani, ama hakukuwa na mwezi kabisa. Kwa hapa Dar siku za bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, maji yanajaa mishale ya saa kumi, jioni na alfajiri, halafu yanakupwa mpaka mwisho mishale ya saa nne, asubuhi na usiku, kwahiyo nyie mmefika bahari imeshafunga ofisi. Wale kina mama wala hawakukosea ratiba, wao walifuata pweza na chaza na hiyo ndo saa yao, nyie ndo mliingia zamu ya watu.

Bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na tofauti ya maji makavu na maji makubwa hapa kwetu inapita meta tatu, ndo maana kwenye fukwe tambarare unaona bahari imehama. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, hayo yanapanda na kushuka kidogo tu, yamelala, na samaki nao kama wamelala. Saa zenyewe zinasogea kama dakika 50 kila siku, kwahiyo leo yakijaa saa kumi, kesho ni kama saa kumi na dakika 50, keshokutwa karibu saa kumi na mbili kasoro. Watu wa pwani hesabu hii wanaijua kwa tarehe za mwezi, nyie mnaangalia Jumamosi na mshahara umeingia lini.

Sasa mpango. Tafuteni Jumamosi inayoangukia siku ya bamvua yenyewe au siku mbili baada yake. Msitoke asubuhi, kuleni kwenu, mfike pale saa nane au saa tisa maji yakiwa yanapanda, mvue yakipanda mpaka yajae na kidogo yakianza kugeuka. Hiyo saa maji yanaingia juu ya mwamba na mchanga uliokuwa mkavu, yanafukua vijidudu na vikaa, na samaki wanakuja navyo mpaka karibu. Jua nalo limepoa.

Pale mawimbi yanapopasukia ndo penye kazi, na ndo wageni wanapopakosea. Wanarusha mbali kwa sifa, rili inalia, kila mtu anapiga picha, kumbe chambo kimempita samaki. Simama kwanza dakika kumi uangalie tu. Kati ya wimbi linalopasuka kule nje na lile la karibu na wewe utaona kama mfereji, maji yameiva rangi kidogo, hapo mchanga umechimbika, hapo ndo pa kutupia. Chambo kiwe ngisi, mkate vipande virefu virefu, maana kamba ni mtamu kwa samaki ila ni laini, wimbi mbili tatu zinamvua kwenye ndoano unabaki unavua na chuma. Pitieni soko la samaki la Feri mapema mkachukue ngisi wabichi. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, iwe nzito kidogo isiburuzwe, na hapa nikupe siri ya kuokoa mishipi, chubwi usiifunge kwenye mshipi wenyewe, ifunge kwa kauzi kembamba dhaifu, ikinasa kwenye jiwe kale kauzi kanakatika, unapoteza risasi tu, ndoano na samaki wanabaki wako. Mngejua hili mngekata mshipi mara moja sio tisa.

Halafu kitu kimoja sio cha utani. Ukiona katikati ya mawimbi kuna sehemu maji yametulia, hayapasuki, usiseme hapa ndo salama tuingie. Mara nyingi hapo ndo maji yanaporudi nje, ni mkondo, unavuta mtu mzima. Ukikubeba usishindane nao kuelekea ufukweni, ogelea pembeni sambamba na ufukwe mpaka ukuachie. Na yule wenu aliyeanza bia saa tano (najua yupo, kila kundi lina mmoja) huyo akae na mizigo.

Kama ni mwezi wa sita mpaka wa nane kusi inavuma haswa na upande ule wa bahari kubwa unachafuka, usilazimishe. Hamieni Ghuba ya Msasani, rasi inakinga upepo. Huko sio mambo ya kurusha, mnakodi boti na nahodha anayejua vina, mnatia nanga, mnashusha mshipi wa mkono na chubwi ndogo, ukigusa chini unainua kama shibiri moja unasubiri. Changu anadonoa donoa mwizi yule, usivute kwa pupa, ngoja avute yeye. Kabla hamjapanda kila mtu avae laifujaketi, nahodha akisema zimebaki nyumbani na nyie bakini nchi kavu. Na akisema tusogee Bongoyo au Mbudya kuna samaki wakubwa, kataa, visiwa vile pamoja na Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kuvua ni marufuku. Mambo ya leseni waulizeni mapema ofisi ya uvuvi au BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi wa ufukwe mnaokwenda, msije mkaharibiwa siku.

Yule aliyevimba tumbo ni bunju. Naomba Mungu mlimrudisha. Ini lake, mayai yake na ngozi vina sumu kali, kupika hakuiondoi, kukausha hakuiondoi, na dawa ya kuiua haipo, mtu anaanza kufa ganzi midomo halafu pumzi inagoma. Akiliwa kwa bahati mbaya ni hospitali saa hiyohiyo, sio maziwa.

SWALI: Anko habari. Tulienda kuvua Ununio watu sita wa chuo, maji ya magotini, mwenzetu akakanyaga samaki taa akachomwa na mwiba wake kwenye kifundo. Alilia jamani, mwanaume mzima. Mmoja akasema akojolewe, mwingine akaleta barafu ya soda. Ipi ilikuwa sahihi?
Binti wa Boko

JIBU: Zote mbili hapana, na huo mkojo muachane nao kabisa. Sumu ya taa inavunjwa na joto, kwahiyo ni maji ya moto, moto wa kuvumilika usiomuunguza, na wewe ndo uyapime kwa mkono wako maana yeye kwa maumivu yale hajui tena kipi kinaunguza. Anazamisha mguu nusu saa mpaka saa moja na nusu, mnaongeza ya moto yakipoa. Kwahiyo chupa ya chai mnayobeba safari ijayo ina kazi mbili. Baada ya hapo ni hospitali hata kama maumivu yameisha, kipande cha mwiba huwa kinabaki ndani, na sindano ya pepopunda anahitaji. Mwiba ukiingia kifuani au tumboni msiuchomoe, mpelekeni nao. Tasi naye mwiba wake una sumu, mdogo lakini utamkumbuka, dawa ni hiyohiyo ya maji ya moto. Na mkiingia majini msinyanyue miguu kama mnapanda ngazi, iburuzeni kwenye mchanga, taa akisikia anaondoka mwenyewe, hana ugomvi na mtu.

SWALI: Anko shikamoo, mi sivui. Mume wangu kila mwisho wa mwezi anaenda kuvua na marafiki zake, anarudi usiku na samaki wazuri kwelikweli. Dada yangu ananiambia wale ni wa Feri. Nitajuaje bila kumuuliza?
Mama wa Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu, unataka kunigombanisha na wavuvi wenzangu. Haya, wageuze uwaangalie. Akileta vibua kilo tatu wote saizi moja kama wametoka kiwandani, hao ni wa nyavu, huyo kapita sokoni. Akileta jodari mzima na anasema alisimama ufukweni, mpe maji ya kunywa akapumzike. Aliyevua kwa mshipi analeta mchanganyiko, chaa wanne, changu kidogo, labda kolekole mmoja wa kutambia, na midomoni utaona kitobo cha ndoano. Halafu mwangalie kidole cha shahada, mshipi wa mkono unakata, akiwa na mchirizi mbichi pale basi kavua kweli, mwekee ndimu na chumvi akanawe.