Jibu: Hitilafu 400 za zamani, tuanzie wapi?

Habari ndugu. Nimekuelewa: mna tiketi 400 za hitilafu za programu (taarifa za matatizo yanayosubiri kurekebishwa), nyingine za tangu 2019, na kila sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi cha timu, mnasema "ijayo". Sisi tulikuwa wanne tu, na kiporo chetu cha tiketi kilikaribia idadi hiyo.

Msianze kurekebisha. Kwanza zipangeni kwa tarehe ya mwisho kuguswa, muanze na zilizolala zaidi. Ya kwanza kwetu ilisema: "Kitufe cha Hifadhi hakibonyezeki kwenye Internet Explorer." Microsoft waliachana na kivinjari hicho Juni 2022, sisi bado tunaibeba! Nyingi zilikuwa marudio, au ukurasa wenyewe ulishafutwa.

Tulitenga saa moja kila Jumatano: mtengeneza programu mmoja na mtu wa huduma kwa wateja. Huyu wa pili msimwache, ndiye anayejua nani bado analalamika. Kila tiketi dakika tano, mnaijaribu kwenye toleo la sasa. Haijirudii? Fungeni, muandike sababu. Mteja akirudi, inafunguliwa.

Sprinti nzima ya hitilafu tuliwahi kuijaribu. Mwenye bidhaa, yule anayeamua kipi kitengenezwe kwanza, alinuna, na baada ya mwezi tukawa palepale. Kilichotufaa ni kurekebisha hitilafu mbili kila sprinti, bila mjadala, kila moja na jaribio lake la kiotomatiki (msimbo unaokagua wenyewe kama hitilafu imerudi), maana hesabu ya kodi kwenye risiti ilishatuharibikia mara tatu mahali hapohapo.

Haya ni ya timu moja ndogo. Kama mko timu kadhaa kwenye msimbo mmoja, amueni kwanza nani anamiliki sehemu ipi.