Mfupa wa kiwandani kwa mgongo wa mzee: niliyoyaona kwa sungura

Mkuu, umeuliza kama mzee wako akubali kuungwa pingili za kiuno kwa mfupa wa kiwandani badala ya kukatwa kipande cha nyonga, maana kipeperushi kinadai kwa sungura ulishika kwa wote. Mimi si daktari. Nilikuwa fundi wa maabara ya wanyama huko Marekani miaka minne, na sungura weupe wa New Zealand ndio walikuwa mkate wangu.

Waulize kwanza walijuaje kwamba umeshika. Eksirei inadanganya! Chembe za kauri ya kalisi, ambazo mara nyingi ndizo huo mfupa wa kiwandani, zenyewe huonekana nyeupe kwenye picha, hata kama zimekaa tu kama kokoto kwenye mchanga. Sisi tulikuwa tunautoa mgongo baada ya wiki kadhaa, unashika pingili mbili kwa vidole na kuzipinda taratibu. Zikicheza, hazijashika. Kuna mgongo mmoja tuliushangilia kwenye picha, nilipoushika mkononi ukacheza kama bawaba ya mlango. Bosi alinyamaza, akaenda kunywa kahawa.

Halafu, ulilinganishwa na nini? Hata mfupa wa nyonga ya sungura mwenyewe haushiki kila mara. Daktari wa mifupa Boden na wenzake walipoanzisha jaribio hili la kuunga mgongo wa sungura mwaka 1995, ulishika kwa kama theluthi mbili tu. Ndiyo sababu sungura anapendwa: hushindwa kwa kiwango kinachokaribia chetu. Kwa panya mfupa huota upesi mno, kwa hiyo ushindi wa panya peke yake usikutoe machozi ya furaha.

Kama huo wa kiwandani ni ile protini ya BMP-2 inayochochea mfupa kuota, jua kwamba dozi iliyotosha sungura haikutosha nyani, ikabidi iongezwe. Marekani waliiruhusu mwaka 2002 kwa upasuaji wa kiuno unaopitia mbele. Mwaka 2008 wakatoa onyo juu ya kuitumia shingoni, kwa sababu ya uvimbe unaoweza kubana njia ya hewa. Kwa mzee ni kiuno, lakini muulize daktari anapitia mbele au nyuma.

Na hukusema: mzee anavuta sigara? Sungura waliopewa nikotini mifupa yao ilishika vibaya sana, hata ile ya nyonga zao wenyewe.