Mchochota wa Ubongo, Vidonge vya Maumivu na Kazi ya Patrick na Edith McGeer: Majibu kwa Wasomaji Wawili

SWALI: Mhariri, mama yangu ana umri wa miaka 74, na kwa muda sasa amekuwa akisahau majina ya wajukuu na kurudia swali lile lile. Jirani yetu mwenye duka la dawa anasema kuwa wataalamu wa Ulaya wamegundua kwamba kusahau kwa wazee kunatokana na mchochota katika ubongo, na kwamba kidonge kimoja cha diklofenaki kila siku kitamkinga asizidiwe. Je, ni kweli? Na ni nani aliyegundua jambo hilo?
Mwalimu wa shule ya msingi, Tanga

JIBU: Mwalimu, tunakupa pole kwa hali ya mama, na tunaanza na lililo la haraka: tafadhali usimpe diklofenaki ya kila siku kwa ajili ya kusahau. Dawa za kundi lake, yaani za kutuliza maumivu na mchochota, pamoja na ibuprofeni na indomethasini, zikitumiwa na mzee kwa muda mrefu huweza kumletea vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, kudhoofisha figo na kupandisha presha, na diklofenaki yenyewe huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Mpeleke kwanza hospitali akapimwe, kwa sababu kuna kusahau kunakosababishwa na upungufu wa vitamini B12, na tezi ya shingo iliyolegea, na sonona, au na dawa nyingine anazotumia mgonjwa, na kusahau kwa namna hiyo mara nyingi hutibika.

Hata hivyo jirani yako hakuitunga habari hiyo. Ina asili ya kweli, ingawa sehemu kubwa yake haikuanzia Ulaya bali Vancouver, nchini Kanada, katika maabara ya Chuo Kikuu cha British Columbia walikofanya kazi mume na mke, Patrick na Edith McGeer. Wakati huo wanasayansi wengi waliamini kwamba ubongo umetengwa na mfumo wa kinga wa mwili, na kwa hiyo mchochota, yaani ile hali ya mwili kuwaka na kuvimba unapopambana na jeraha au vijidudu, haukuhesabiwa kuwa na nafasi kubwa katika magonjwa ya uzeeni. Seli ndogo ziitwazo mikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río-Hortega alizieleza mwaka 1919, zilikuwa zimepewa uzito mdogo kwa miongo mingi.

Mwaka 1987 na 1988 akina McGeer na wenzao walichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa watu waliokufa wakiwa na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaosahaulisha wazee, au Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Walipozitia rangi tishu hizo, waliziona mikroglia zimebeba kwa wingi protini iitwayo HLA-DR, ambayo ni alama ya seli za kinga zilizoamshwa. Kwa wagonjwa wa Parkinson zilionekana katika ile sehemu nyeusi ya shina la ubongo ambamo seli za neva hufa, na kwa wagonjwa wa Alzheimer zilionekana kwenye mabaka ya protini ya amiloidi. Kundi la Joseph Rogers huko Arizona, Marekani, lilifikia matokeo yanayofanana katika kipindi hicho hicho. Ugunduzi huo umesimama mpaka leo.

Kutokana na hapo walijiuliza swali ambalo mimi naliona kuwa la busara sana: ikiwa mchochota unaidhuru neva, je, watu wanaotumia dawa za kuutuliza kwa miaka mingi kwa sababu nyingine wanapata Alzheimer kwa kiwango kile kile? Waliangalia kumbukumbu za wagonjwa wa baridi yabisi, na mwaka 1990 waliandika katika jarida la Lancet kwamba Alzheimer ilikuwa adimu miongoni mwao kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1996 walikusanya tafiti 17 za aina hiyo, na kwa jumla zilielekea upande huo huo. Mwaka 2001 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliowafuatilia watu karibu 7,000 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliripoti kwamba waliotumia dawa hizo kwa miaka miwili au zaidi walipata ugonjwa huo kwa kiwango cha chini sana. Nadhani ndiyo habari iliyomfikia jirani yako.

Lakini kuwatazama watu waliojichagulia dawa si sawa na kuwagawa kwa kura, hawa wakapewa dawa na hawa vidonge visivyo na dawa. Majaribio ya namna hiyo yalipofanywa, tumaini lilififia. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba naproxen na rofecoxib, dawa mbili za kundi hilo hilo, hazikupunguza kasi ya ugonjwa kwa watu waliokwisha kuugua. Jaribio kubwa lililoitwa ADAPT, lililoanza mwaka 2001 likiwa na watu zaidi ya 2,500 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea na wenye ndugu aliyewahi kuugua, lilisimamisha dawa Desemba 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo, na wala halikuonyesha kinga. Jaribio lingine la miaka miwili lililofanywa Montreal na kuchapishwa mwaka 2019 halikuona faida.

Patrick McGeer, aliyefariki mwaka 2022, alishikilia hadi mwisho kwamba majaribio hayo yalichelewa, kwa kuwa ugonjwa huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya dalili. Hoja hiyo ina mantiki, na mwanzo huo wa kimyakimya ni jambo lililothibitika. Hata hivyo hakuna jaribio lililothibitisha kuwa kuanza dawa mapema kunakinga, na kwa mama ambaye dalili zimekwisha kuonekana, hata hoja hiyo yenyewe haimsaidii.

SWALI: Ninasoma kemia chuoni, mwaka wa pili, na natamani kuwa mtafiti wa magonjwa ya ubongo. Wenzangu wanasema nimeshapotea njia kwa kutosomea udaktari. Je, ni kweli?
Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Tumeweka barua yako pamoja na ya Mwalimu kwa sababu watu tuliowataja hapo juu wote wawili walianza na kemia. Edith alipata shahada ya uzamivu ya kemia katika Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1946, na Patrick alipata yake Princeton mwaka 1951. Walikutana wakiwa wakemia katika kampuni ya DuPont, wakahamia Vancouver mwaka 1954, na ndipo Patrick akasomea udaktari. Edith hakusomea udaktari, na jina lake limo katika kazi zote kuu za maabara hiyo. Kemia yao haikupotea: mwaka 1976 walionyesha kwamba kudunga asidi ya kainiki katika ubongo wa panya huleta mabadiliko yanayofanana na ya Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, na mbinu hiyo ikatumika katika maabara nyingi.

Wala usihofu umri. Patrick alikuwa mbunge wa jimbo la British Columbia kuanzia mwaka 1962 hadi 1986, na kwa miaka kadhaa waziri, huku akiendelea na maabara. Matokeo kuhusu mikroglia yalitoka alipokuwa na miaka takriban 60.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba mabadiliko fulani katika jeni ya TREM2, ambayo katika ubongo hufanya kazi ndani ya mikroglia, huongeza hatari ya Alzheimer, na inaelekea huzizuia seli hizo kufanya kazi yao vizuri; hivyo kuzizima zote si tiba. Kwa upande mwingine, utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha mikroglia zikila maungio ya neva mapema mno, kwa kuongozwa na protini za kinga ziitwazo komplementi, zile zile ambazo akina McGeer walikuwa wamezikuta katika ubongo wa wagonjwa mwaka 1989. Kujua ni wakati gani seli hizo zinalinda na ni wakati gani zinaharibu kunahitaji wakemia. Maliza shahada yako, na ukipewa nafasi ya kuchagua masomo ya ziada, chukua baiolojia ya kinga na takwimu.