Je, kuwawekea kanuni wanaojitolea ni kuwavunja moyo?

SWALI: Asalaam aleykum. Hapa mtaani kwetu Makorora, Tanga, vijana kadhaa hujitolea kuwafundisha watoto wetu mpira na masomo ya jioni bila kudai hata senti moja. Mmoja wao anapendwa mno na watoto. Huwarudisha nyumbani mmoja mmoja kwa pikipiki baada ya magharibi, na huwasiliana nao kwa simu hadi usiku. Sisemi kwamba ametenda ubaya wowote. Nilipopendekeza katika kikao cha wazazi kwamba tuweke kanuni, niliambiwa kuwa ninawavunja moyo watu wanaotusaidia bure. Je, nimekosea?
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Wa aleykum salaam, mama. Hukukosea, na umefanya vyema kutomtuhumu mtu kwa jambo usilolijua. Shukrani kwa vijana hao ni haki yao, lakini shukrani haiwezi kuchukua nafasi ya uangalizi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, wala haimpi nafuu mtu kwa sababu anafanya kazi bila malipo.

Nadhani kikao chenu kiliteleza pale kilipoijadili kanuni kana kwamba ni hukumu juu ya kijana mmoja. Kanuni inapaswa kumhusu kila mtu mzima anayekaa na watoto, kuanzia mwenyekiti wa kikundi hadi mzazi anayekuja siku moja tu kugawa maji. Kupendwa na watoto hakuthibitishi wema wala ubaya. Mtu mwenye nia mbaya mara nyingi huanza kwa kujijengea imani ya wazazi, kisha humteua mtoto mmoja kwa zawadi na upendeleo, akamzoesha kutunza siri ndogo ndogo kabla ya kudai kubwa. Kwa hiyo msijishughulishe na kuzisoma nyoyo za watu. Ondoeni mazingira ya faragha ambayo nia hiyo huyahitaji.

Hapo ndipo pikipiki na simu zinapoingia. Mazoezi yaishe mapema, kabla ya magharibi, ili watoto warudi kwa makundi au wachukuliwe na wazazi. Mawasiliano yote yapitie kwa mzazi, au katika kundi la simu ambalo wazazi wamo. Watu wazima wawili wawepo kila mara, hata katika somo la mtoto mmoja, na mlango ubaki wazi. Mkiwapeleka watoto matembezi, tuseme Mapango ya Amboni, pateni ridhaa ya wazazi kwa maandishi na orodha ya majina inayohesabiwa wakati wa kwenda na wa kurudi. Anayetaka kujiunga kama mwalimu aulizwe alikotoka, na waliowahi kufanya naye kazi waulizwe pia.

Wapo watakaosema kwamba watoto wa mpira ni wavulana, basi hakuna la kuogopa. Si kweli. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18.

Ikitokea mtoto akaeleza jambo, asikilizwe kwa utulivu, aambiwe kwamba hana kosa, wala asihojiwe tena na tena na wazee wa kikundi. Taarifa ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bila malipo. Nasisitiza hili kwa uchungu: jambo hilo lisimalizwe kifamilia kwa fidia na kuombana radhi, kwa kuwa anayesamehewa kwa siri huhamia kikundi kingine, na huko hakuna anayemjua.

Katika kikao kijacho, waombeni vijana hao wenyewe, akiwemo huyo anayependwa, washiriki kuziandika kanuni, kwani zinawakinga nao dhidi ya tuhuma za uongo. Zikishapitishwa, asiyekubali kuzifuata asikabidhiwe watoto, hata kama ndiye kocha bora mtaani.