Slaidi za Mzee Zisiishie Jalalani

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba alilaza slaidi za marehemu babu yake kwenye skana ya ofisini, akapata miraba myeusi mitupu. Dada yangu, slaidi zako hazijaharibika. Slaidi ni kipande cha filamu kwenye fremu ndogo, huonekana kwa mwanga unaopenya, na skana ya kawaida humulika kutoka chini tu. Tafuta yenye taa kwenye kifuniko. Mimi natumia Epson Perfection V600, inayobeba slaidi nne kwa mkupuo.

Baba alikuwa bwana shamba Tanga. Miaka ya 1970 alizunguka vijijini na projekta na jenereta, akiwaonyesha wakulima magonjwa ya mihogo na mikorosho. Alipofariki, ndugu walitaka kuyachoma masanduku ya slaidi zake. Nikayapeleka studio moja mjini, na kijana wa pale akaniambia mbele ya wateja kuwa nimeleta takataka. Neno lile linaniuma mpaka leo. Ndipo nikanunua skana yangu.

Slaidi moja ya Ektachrome, filamu ya Kodak, ilikuwa nyekundu yote, maana rangi yake ya samawati ilishafifia. Nikapunguza wekundu kwenye programu, taratibu, mpaka kijani kikarudi. Likatokea jani la muhogo lenye mabaka ya batobato, limeshikwa na mkono wa kushoto wenye pete ya baba. Alikuwa akishika jani huku mkono wa kulia ukibonyeza kamera! Hakuna studio ambayo ingenipa hilo.

Kwa hiyo fanya mwenyewe. Vumbi liondoe kwa pampu ndogo ya mpira, usipulize kwa mdomo, mate huacha madoa. Skani kwa dpi 2400, yaani nukta 2400 kwa kila inchi, utapata pikseli kama 3,400 kwa 2,270, zinatosha kuchapa picha ya ukutani. Ile 6400 inayotajwa kwenye boksi hukuza faili kuliko picha. Fremu ikiandikwa Kodachrome, filamu nyingine ya Kodak, zima Digital ICE, ile kazi ya skana ya kufuta vumbi na mikwaruzo, kwa kuwa filamu hiyo huzuia mwanga wake wa infraredi, nayo ikadhani picha ni vumbi na kufuta hata vitu vya kweli.

Jamani, tunanunua bando kurusha picha za sahani za chipsi, huku kazi za wazee wetu zinaliwa na kuvu uvunguni. Pwani hii unyevu haungoji mtu. Anza wikiendi hii. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora, JPEG iwe ya kutuma WhatsApp tu, na nakala ya pili mpe ndugu anayeishi mji mwingine.