Hili tumbo ni la kwangu?

Mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu. Unauliza kama hii IBS, yani hili tatizo la tumbo kuuma na kuvurugika mara kwa mara, umeirithi kwangu, na ukizaa utampa na mtoto. Nimesoma, nimeuliza, ndo nakujibu.

Kurithi kupo ila kidogo. Kwenye ukoo inatembea kweli, bibi yako kule Machame alikuwa akila kiburu, zile ndizi na maharage, lazima ajifunge kanga tumboni kwa nguvu, na mimi hivohivo. Lakini hamna jeni moja ya kusema hii hapa ndo yenyewe. Mwaka 2021 watafiti walilinganisha watu zaidi ya elfu 53 wenye IBS na zaidi ya laki 4 wasiokuwa nayo, wakapata sehemu 6 tu za vinasaba, na kila moja mchango wake ni mdogo sana. Na 4 kati ya hizo zina jeni zinazohusika na ubongo na mishipa ya fahamu au mambo ya wasiwasi, siyo utumbo peke yake. Hiyo haina maana unajiendekeza mwanangu, maumivu yako ni ya kweli, atakayekwambia ni mawazo tu usimsikilize.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Kuna utafiti wa mapacha wa Marekani wa 2001, wale wa kufanana kabisa mmoja akiwa nayo mwenzake anakuwa nayo kama 17 kati ya 100, wasiofanana kama 8, kwahiyo damu ina sehemu yake. Ila waliona pia kwamba kuwa na mama mwenye IBS kunaonyesha zaidi nani atakuwa nayo kuliko kuwa na pacha mwenye nayo, yani mtoto anajifunza kwa kuangalia. Nikakumbuka safari zetu za Arusha, mi nilikuwa siweki kitu mdomoni mpaka tushuke, naogopa tumbo lisije likanichafukia kwenye gari, na wewe una miaka sita unasukuma kikombe cha uji pembeni unasema na mimi sinywi, tumbo. Nilicheka siku ile. Leo sicheki, naomba unisamehe.

Kwahiyo huyo mtoto usimwogope kabla hajaja, hakuna anayeweza kusema lazima ataipata. Wewe angalia maharage na vitunguu, hivyo vinajaza gesi kweli, punguza uone. Alafu ukiona damu kwenye choo, au unakonda bila sababu, au tumbo linakuamsha usiku, hapo usiseme ni IBS tu, nenda hospitali siku hiyohiyo na unipigie.

Jumamosi ukija Moshi nitapika mtori bila kitunguu. Kunywa chai kabla ya kupanda gari, hata nusu kikombe, mi mwenyewe wiki ya pili hii nakunywa.

Mama ako